Kuzunguka Bonde la Kilombero kwa Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ifikapo Juni, mpunga ukiwa umeanza kuingia maghalani, watu huniuliza maswali yaleyale kuhusu Kilombero. Nimeshajibu kwa simu, nimeshajibu kwa ujumbe wa sauti, na mara moja nilichora ramani mchangani kwa kijiti nikiwa stendi ya Mikumi huku kondakta akinipigia kelele nipande gari. Leo nayaweka pamoja. Njia ninazozijua ni tatu: Mikumi hadi Ifakara, Ifakara hadi Mlimba kwa kufuata miguu ya milima ya Udzungwa, na Ifakara hadi Mahenge, ng'ambo ya mto. Mwenye haraka asome swali la msimu na swali la tairi. Mengine atafundishwa na barabara.

Bonde lenyewe liko wapi hasa?

Mkoa wa Morogoro, upande wa kusini. Kaskazini magharibi yake imesimama milima ya Udzungwa, tena imesimama kweli, kama ukuta uliojengwa pembeni ya shamba. Kusini mashariki kuna milima ya Mahenge. Katikati ni mbuga pana ambayo mto Kilombero huitambaa kwa uvivu, ukigawanyika na kukutana tena, mpaka uungane na Luwegu na kuzaa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka huku. Mwaka 2002 mbuga hii iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ikiwa na ukubwa wa karibu hekta 800,000.

Kwa mtu wa baiskeli, maana yake ni hii: chini ni tambarare, milima unaitazama tu, na anayeamua upite wapi na lini ni maji.

Kuna nini huko cha kumfanya mtu aende kwa baiskeli badala ya gari?

Huko baiskeli ndilo gari. Asubuhi ukiingia Ifakara utakutana na baiskeli kabla ya kukutana na kitu kingine chochote: mwalimu anakwenda shule, mama kabeba ndoo ya samaki kwenye keria, kijana kapakia gunia mbili za mkaa na anasukuma kwa miguu kwa sababu hata yeye hana pa kukaa. Nimeona kitanda kizima, na vyuma vyake, kikisafiri kwa baiskeli ya Phoenix. Kwa hiyo hutakuwa kioja. Utachekwa kidogo kwa kofia yako ya plastiki, basi. Na kwa kuwa kila mtu anaendesha, kila kijiji kina fundi, watu wanajua umbali kwa saa za kupiga pedali, na ukiuliza njia utaelekezwa njia ya baiskeli, siyo ya lori.

Niende mwezi gani?

Kati ya Julai na katikati ya Oktoba. Hapo sina mjadala.

Mvua huanza kudondoka Novemba au Desemba, na kilele chake ni Machi na Aprili. Wakati huo mto hupanda, mbuga inageuka ziwa, na vijito vinavyoshuka Udzungwa hukata barabara ya Mlimba sehemu kadhaa kwa siku moja. Udongo wa huku ni mweusi, wa mfinyanzi. Ukilowa unashika tairi, unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi, halafu gurudumu linagoma kabisa. Niliwahi kwenda mwishoni mwa Machi kwa ubishi wangu mwenyewe. Kilomita 11 zilinichukua kutwa nzima, na sehemu kubwa ya hizo 11 baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi begani. Kila baada ya hatua hamsini nilikwangua tope kwa kijiko cha chakula. Kijiko kilivunjika.

Juni ni mwezi mzuri kwa macho, mpunga wa dhahabu mpaka upeo, ila njia za kando bado zina madimbwi. Agosti ni baridi ya asubuhi na jua la wastani. Kuanzia katikati ya Oktoba joto linakuwa la kuadhibu. Ifakara iko chini, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na upepo unafungiwa na milima. Ukilazimika kwenda Novemba, toka saa kumi na moja na nusu alfajiri na uwe umeshafika kivulini saa nne.

Nianzie Morogoro mjini, au Dar kabisa?

Hapana. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na humo tembo, nyati na simba hawajui kama wewe ni mtalii. Ukiacha wanyama, malori ya kwenda Zambia na Kongo hayana nafasi ya kukupisha. Panda basi mpaka mji wa Mikumi, ng'ambo ya hifadhi, ndipo uanze.

Kuhusu basi: baiskeli huwekwa kwenye buti, na bei yake ni maelewano kati yako na kondakta, yafanyike kabla ya mzigo kuingia. Toa magurudumu yote mawili mwenyewe, yafunge kwa kamba kwenye fremu, derela, kile kifaa cha kuhamisha mnyororo, ielekee juu. Mimi mara ya kwanza nilimwachia utingo. Juu ya baiskeli yangu zilipangwa katoni za misumari, na nilipoipokea Mikumi, ringi ya nyuma ilikuwa imepinda kama chapati iliyokunjwa. Nilipolalamika niliulizwa kama nina risiti ya mzigo. Sikuwa nayo.

Baiskeli ya aina gani inafaa?

Inayofaa ni ile ambayo spea zake zinapatikana Mang'ula siku ya Jumapili jioni. Maduka ya bonde yamejaa vitu vya Phoenix ya inchi 28 na vya baiskeli za milimani za inchi 26. Tairi nyembamba za baiskeli za kisasa za barabarani hutazipata, labda ubebe mwenyewe. Ninachotumia mimi ni baiskeli ya mtumba ya inchi 26, fremu ya chuma, tairi za upana wa inchi mbili, bila shokapu. Fremu ya chuma ikikatika, mchomeleaji yeyote ataiunga. Ya alumini ikikatika, safari imeisha.

Angalia valvu pia. Tyubu yenye valvu nene kama ya gari au ile ya Phoenix itajazwa popote. Ile nyembamba ya kizungu, yenye kinati cha kufungua juu, ni mateso. Ilinivunjikia karibu na Kiberege. Fundi aliyekuwa chini ya mwembe aliigeuzageuza mkononi, akaniuliza, "Hii ulinunua, au ulipewa?" Hakusubiri jibu. Alikata valvu yote, akatoa shina la valvu ya Phoenix kwenye kopo la maziwa lililojaa spoku na nati, akalipachika kwenye tundu lilelile na kiraka cha duara alichokitoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mama muuza chai wa jirani. Kisha ringi yangu nayo tundu lake likawa dogo kwa shina lile jipya, akalipanua kwa mkia wa faili, taratibu, akipuliza unga wa chuma kila mara. Alitumia dakika arobaini. Tyubu ile nilitembea nayo mwaka mzima.

Beba: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spoku tatu nne za saizi yako, kipande cha mnyororo, spana ya pedali, na waya wa breki na wa giya. Keria iwe ya nondo, ya kuchomelewa. Hizi za kubana kwa skrubu huwa zinalegea kabla ya Ifakara.

Mikumi hadi Ifakara ni siku ngapi?

Ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Mwenye mapafu anamaliza kwa siku moja. Mimi nakushauri mbili, ulale Mang'ula.

Kutoka Mikumi barabara ni ya lami yenye kona na vilima, unapanda kidogo na kushuka zaidi, mpaka uone miwa. Hapo umefika Kidatu. Mto unaouvuka ni Ruaha Mkuu, siyo Kilombero, na wageni wengi hupiga picha wakidhani wamefika. Juu kidogo ya hapo ndipo lilipo bwawa la umeme la Kidatu, megawati 204. Ukiwa kwenye eneo la kiwanda cha sukari wakati wa mavuno, kaa mbali na matrela ya miwa: yana mkia mrefu, yanayumba, na miwa inayodondoka hulala barabarani kama vyuma vya kukutega. Harufu ya molasi itakufuata kwa saa nzima.

Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni karibu kilomita 67, na lami imefika. Wakongwe wanaikumbuka barabara ile ilipokuwa vumbi na mashimo. Mimi nina huzuni kidogo, kwa sababu lami imeleta mwendo, na mabasi madogo ya huku yanapenda katikati ya barabara. Weka kioo kwenye usukani. Ukisikia honi ndefu nyuma, shuka kwenye kokoto kwanza, hasira baadaye.

Sehemu tamu ni kutoka Sanje hadi Mwaya. Ukuta wa Udzungwa unakuwa mkono wako wa kulia, karibu kabisa, msitu unaanzia nyuma ya migomba ya watu, na maporomoko ya Sanje, mita 170 kwa jumla, yanaonekana kutoka barabarani kama uzi mweupe.

Naweza kuingia na baiskeli Hifadhi ya Udzungwa?

Huwezi, na hata gari haliwezi. Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1992 haina barabara ndani. Watu wote wanatembea kwa miguu. Acha baiskeli getini Mang'ula au kwenye gesti, lipa kiingilio, chukua mwongozaji, upande Sanje. Ukibahatika utamwona mbega mwekundu wa Iringa, au sanje, nyani mdogo wa kijivu ambaye sayansi ilimgundua mwaka 1979 tu. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, sema hawakuulizwa.

Miguu iliyozoea pedali itakuuma kwenye ngazi za kushuka. Pumzika siku moja baadaye.

Ifakara hadi Mlimba: je, ni kweli barabara ni mbaya?

Ni kweli, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Unaiacha lami Kibaoni, kabla ya Ifakara mjini, unageukia magharibi. Kuna zaidi ya kilomita 100 mbele yako, nyingi zikiwa udongo. Idete, Namawala, Mbingu, Mngeta, Chita: kila jina ni mahali pa chai. Gawanya siku tatu. Kulia kwako milima haikuachi hata dakika; kushoto ni mpunga, halafu matete, halafu ukungu ambao ndani yake uko mto usiouona. Reli ya TAZARA inacheza nawe kama mtoto, mara iko kulia, mara kushoto, mara inapita juu ya kichwa chako. Kila baada ya kilomita chache kuna kijito kinachotoka msituni, maji ya baridi, na watoto wanaooga. Madaraja mengine ni ya mbao: shuka, sukuma, angalia nafasi kati ya ubao na ubao isije ikameza tairi.

Adui hapa ni mchanga na makorongo ya matrekta. Punguza upepo kwenye tairi mpaka kidole gumba kibonyee kidogo, shusha giya, usikate kona ghafla. Ukiona watu wote wa baiskeli wanatumia kijia chembamba pembeni ya barabara, kifuate, wao wanajua.

Kati ya Chita na Mlimba unapita chini ya Kihansi, penye kituo cha umeme cha megawati 180. Korongo lake ndilo lililokuwa nyumba ya chura mdogo wa Kihansi, mwenye rangi ya njano, asiyezidi urefu wa sentimita tatu, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko na si penginepo duniani. Alitambuliwa mwaka 1996. Maji yalipogeuziwa mitambo, manyunyu yakapungua, na mwaka 2000 karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kulelewa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na 2012 wajukuu wa wale wahamiaji wakaanza kurudishwa na kunyunyiziwa maji kwa mabomba. Korongoni hutaingia bila kibali. Lakini nikipita hapo huwa nasimama, nakunywa maji, nafikiria chura aliyepanda ndege kabla yangu.

Na ng'ambo ya mto, Mahenge?

Kutoka Ifakara mjini unashuka kusini mpaka Kivukoni, unavuka Daraja la Magufuli, mita 384. Kabla ya daraja palikuwa na kivuko, na foleni yake ilikuwa inakula nusu siku. Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Simama katikati ya daraja asubuhi: mitumbwi, viboko wakipumua, na wavuvi wakikunja nyavu. Kisha Lupiro, njia panda. Kulia ni Itete na Malinyi, tambarare ya mpunga na ng'ombe. Kushoto ni Mahenge, na baada ya tambarare kwisha ni mlima, mlima wa kweli. Sioni aibu kusema nimesukuma.

Juu kuna hewa ya baridi, misheni ya Kwiro na boma la Wajerumani ambalo wapiganaji wa Maji Maji walilivamia tarehe 30 Agosti 1905, wakakutana na bunduki za rashasha. Kushuka ndiko kwenye hatari: hakikisha mipira ya breki ina unene, na usishike breki moja muda wote hadi ringi ichemke.

Naweza kukatiza mbuga na kuvuka mto kwa mtumbwi?

Wenyeji wanavuka, na baiskeli zao ndani. Wewe usivuke bila mvuvi wa hapohapo anayejua kiboko amelala wapi leo. Jana haisaidii.

Wanyama wengine?

Mbugani ndiko kwa sheshe, swala mwekundu wa majimaji. Bonde hili lilijulikana kwa kuwa na sehemu kubwa ya sheshe wote duniani, ingawa ng'ombe na majembe yamewabana sana. Kutoka barabarani usitegemee kumwona.

Tembo ni suala jingine. Wanatoka Udzungwa usiku kushuka mashambani, hasa pande za Mang'ula, ambako baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuwazuia. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, na hana hamu ya nyuki puani. Kanuni yangu: saa kumi na mbili jioni baiskeli iko ndani. Hata bila tembo, usiku una pikipiki zisizo na taa.

Malaria, maji ya kunywa, kichocho?

Ifakara ina taasisi ya utafiti wa afya iliyoanza kama maabara ndogo mwaka 1957, na mbu ni sehemu kubwa ya kazi yake. Hilo likutoshe kama onyo. Muone daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuondoka, beba chandarua chako maana vya gesti vina matundu, vaa mikono mirefu jua likizama. Homa yoyote, pima siku hiyohiyo, usisingizie jua. Maji ya vijito yachemshe au yatie dawa. Kuoga kwenye maji yaliyotuama, acha, ndiko kwenye kichocho.

Nitakula nini na kulala wapi?

Kula wali. Hapa ndipo unapotoka mchele ambao Kariakoo wanauuza kwa majigambo, na kwa mama ntilie wa Ifakara unaupata ukiwa na harufu yake yote, na samaki wa mtoni, kambale au perege, mchuzi wa nazi juu. Asubuhi vitumbua vya mchele na chai ya rangi. Vitumbua sita vinanifikisha kilomita 30, nimepima. Kati ya vijiji beba ndizi na karanga.

Gesti ziko Mikumi, Mang'ula, Ifakara, Mahenge na Mlimba, na nyumba za kulala wageni za kawaida kwenye vijiji vikubwa. Ukitaka kupiga hema, nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, ujitambulishe, onyesha kitambulisho, uelezwe pa kulala. Si urasimu. Kijiji chenye mgeni asiyejulikana kando ya mto hakilali, na wewe hutalala pia. Pesa taslimu ndogondogo ni muhimu. Mawakala wa pesa za simu wapo, lakini vijijini huenda asiwe na salio.

Mwanamke anaweza kwenda peke yake?

Wapo waliokwenda. Dada mmoja tuliyekutana Mbingu alikuwa na siku ya nne, peke yake, kanga juu ya kaptula ya baiskeli kila anapoingia kijijini, na shikamoo kwa kila mzee. Alisema kilichomchosha si hofu, ni kuulizwa mume yuko wapi. Alikuwa anajibu, "Yuko nyuma, tairi limepasuka." Alipendelea gesti zilizo karibu na misheni.

Nikifika Mlimba, nirudi vipi?

Ama unageuza, siku tatu nyingine, ama unapanda treni. Kutoka Mlimba kwenda Makambako reli inapanda milima kwa mahandaki na madaraja, na daraja la mto Mpanga lina nguzo za mita 50. Hicho ndicho kipande kilichowatesa zaidi wajenzi wa TAZARA miaka ile ya 1970 hadi 1975. Kurudi Dar, unapitia Ifakara na Kidatu, ukiitazama dirishani barabara uliyoitolea jasho.

Ulizia ratiba stesheni, kwa mdomo, siku moja kabla, na tena asubuhi ya safari. Baiskeli hupimwa na kukatiwa tiketi yake ya mizigo. Safari hii dai risiti. Ifunge lebo yenye jina na stesheni ya kushukia, kisha uone kwa macho yako inaingia behewa gani. Mara ya mwisho treni ilichelewa saa saba. Tulilala kwenye sakafu ya stesheni, mimi na wafanyabiashara wa mchele, na mzee mmoja akaegemeza magunia yake kwenye fremu yangu bila kuniuliza. Alfajiri nilimkuta anaijaza upepo tairi ya mbele kwa pampu yangu.

"Imetoboka," aliniambia. "Una kiraka?"